Watoto wasiomo kwenye rejista: kazi ya mtakwimu wa tiba, tukianzia Bukavu

Mwisho wa kila mwezi, kwenye vituo vya afya vya Kadutu, Bagira na Ibanda, muuguzi mkuu hufungua rejista zake, akachukua simu na kuanza kujumlisha: watoto waliopimwa uzito, waliochanjwa, walioletwa na homa, walioharisha, waliofariki. Ripoti hupelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, ikaingizwa kwenye kompyuta, na mwisho wake ni mstari mmoja katika jedwali la mkoa wa Kivu Kusini. Wengi wetu tukisikia takwimu za afya, picha tunayoipata ni hiyo: mtu anajumlisha na kujaza visanduku.

Mtakwimu wa tiba huanza kazi wakati jumla imeshaandikwa. Ukimpa ukurasa wenye vifo 6 vya watoto, atakuuliza habari za wale wasioandikwa. Mtoto aliyefia nyumbani kule Cimpunda kwa kuwa baba yake alikosa pesa ya kukata fishi, ile kadi ya kumwona muuguzi, hayumo. Aliyepelekwa kwanza kuombewa hayumo. Kichanga aliyezaliwa njiani usiku, akafa kabla hajapewa jina, hayumo katika rejista ya uzazi wala ya vifo. Mwezi unaofuata vifo vikishuka kutoka 6 hadi 2, huenda dawa zimefika. Huenda pia bei ya fishi imepanda, na wenye watoto mahututi wameacha kuja. Kwenye karatasi hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Ukifuatilia maisha ya kazi ya watu waliojitosa katika takwimu za afya ya watoto, hasa Afrika, utaona kwamba ugunduzi wao mkubwa karibu wote ulikuwa njia ya kumpata mtu ambaye karatasi ilimkosa. Basi tuwafuate hao wasiomo.

Nchi iliyohesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984

Kiwango chochote cha afya kina namba mbili: ya juu na ya chini. Juu ni waliochanjwa au waliofariki. Chini ni wote waliopaswa kuhesabiwa. Kwetu Kongo namba ya chini ndiyo yenye matatizo, kwa sababu sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo idadi ya watoto wa kila zoni ya afya hupatikana kwa kukadiria, mwaka baada ya mwaka, juu ya makadirio ya jana. Wakimbizi wa ndani wakishuka kutoka milimani na kujaa mjini, makadirio hayana habari. Ndiyo maana zoni inaweza kutangaza kwamba imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, na hakuna aliyedanganya: sindano zimehesabiwa vizuri, watoto ndio hawajahesabiwa.

Njia ya kuzunguka tatizo hilo ni uchunguzi wa kaya. Kongo imefanya uchunguzi mkubwa wa kidemografia na afya, ule tunaouita EDS, mwaka 2007, 2013-14 na 2023-24, na katikati yake ukawepo ule wa UNICEF uitwao MICS wa 2017-18. EDS ya 2013-14 ilitembelea kaya zaidi ya 18,000 nchi nzima. Mtu wa Bukavu akisikia hivyo huuliza mara moja: kaya 18,000 zitasemaje habari za mamilioni ya watu? Mama anayenunua maharage soko la Kadutu anajua jibu. Haridhiki na maharage ya juu ya gunia. Anazamisha mkono hadi chini, kwa sababu anajua muuzaji amepanga mazuri juu. Akishapata kiganja kilichotoka kokote ndani ya gunia, hana haja ya kulimwaga lote, liwe la kilo 50 au 100.

Sampuli ya kubahatisha ni mkono huo. Kwanza vijiji na mitaa huchaguliwa kwa bahati nasibu, halafu nyumba ndani yake nazo kwa bahati nasibu, ili chifu asipeleke timu kwa jamaa zake na timu isichague nyumba zilizo karibu na barabara ya magari. Nyumba iliyochaguliwa ikiwa juu ya mlima huko Kalehe, mguu unapanda Kalehe. Mtu akirudi na kusema "nilichukua ya jirani, ni ile ile", amekwisha kuharibu kazi, maana walio mbali na barabara ndio hasa walio mbali na chanjo.

Kuna gharama moja ambayo watu wengi hawaioni. Nyumba 30 za mtaa mmoja zinakunywa maji ya chemchemi moja na zinapata surua kwa wiki moja. Kwa hiyo watoto wa nyumba hizo hawabebi habari sawa na watoto 30 waliotawanyika mkoa mzima. Wanarudia jambo lile lile. Mtakwimu analazimika kupanua kiasi cha shaka kinachozunguka namba yake. EDS ya 2013-14 ilikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na katika Kivu zote mbili walipita nusu. MICS ya 2017-18 ikapata asilimia 42 kwa nchi nzima. Ukisoma mahali kwamba udumavu "umepungua kwa asilimia moja", mwandishi hakumuuliza mtakwimu. Pointi moja ya namna hiyo imo ndani ya shaka, haina cha kutangaza.

Na ukiuliza, "Je, hapa kwetu Kabare ni wangapi?", jibu la ukweli mara nyingi ni kwamba sampuli hiyo haikutengenezwa kujibu swali hilo. Inatosha kwa nchi, inatosha kwa mkoa kwa shida, haitoshi kwa zoni moja ya afya. Wafadhili hawapendi kulisikia jibu hili, na nadhani sisi wenyewe pia hatulipendi.

Maswali mawili ya Brass

Kuhesabu vifo vya watoto ni kugumu kuliko kupima urefu wao, kwa sababu ya wazi: mtoto aliyekufa hapatikani nyumbani apimwe. Mtu aliyelitatua jambo hili vizuri kuliko wote alikuwa William Brass, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1921. Kuanzia 1948 alifanya kazi Nairobi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa na vya vifo karibu havikuwepo kwa Waafrika. Badala ya kulalamikia ukosefu wa vyeti aliyafikiria upya maswali ambayo mama yeyote anaweza kuyajibu bila karatasi: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai?

Maajabu yako katika hesabu inayofuata. Brass alionyesha kwamba ukichukua akina mama wa miaka 20 hadi 24, sehemu ya watoto wao waliokufa inakaribia sana uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa akina mama wa miaka 25 hadi 29 inakaribia kufa kabla ya miaka 3, na kwa wa miaka 30 hadi 34, kabla ya miaka 5. Mama kijana ana watoto wadogo, ambao hawajakaa muda mrefu katika hatari. Mama mkubwa ana watoto waliokaa muda mrefu. Umri wa mama unafanya kazi ya saa. Marekebisho madogo yanahitajika kulingana na umri ambao wanawake wa mahali hapo wanaanza kuzaa, lakini kiini ni hicho. Baadaye Brass alifundisha London, na njia zake zikatumika karibu kila nchi ambayo ofisi zake za vyeti zilikuwa kama za kwetu.

Siku hizi EDS huuliza zaidi: historia nzima ya uzazi, mtoto mmoja mmoja, alizaliwa lini, yuko hai, na kama hayuko alifariki akiwa na umri gani. Kutoka hapo ndipo zinapatikana namba kama 104, yaani watoto 104 kati ya 1,000 waliozaliwa hai walikuwa wanafariki kabla ya miaka 5, kwa EDS ya 2013-14, na 70 kwa MICS ya 2017-18. Kushuka kwa theluthi moja ndani ya miaka minne ni kitu cha kushangiliwa na kuchunguzwa kwa wakati mmoja.

Kwa nini kuchunguzwa? Kwa sababu ya wadodosaji. Dodoso lina sehemu ndefu kwa kila mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka ya karibuni: chanjo, kuhara, kunyonya, chandarua. Mdodosaji aliyechoka, jua linazama na bado nyumba tatu, anajifunza haraka kwamba mtoto aliyezaliwa mwezi mmoja nje ya mpaka hana maswali hayo. Watoto kadhaa wanajikuta wamesogezwa nyuma, na waliokufa husogezwa kirahisi zaidi, kwani hakuna wa kuwaona. Mtakwimu humgundua mdodosaji huyo bila kumwona: akichora idadi ya watoto kwa kila mwaka wa kuzaliwa, shimo linatokea ndani ya mpaka na kilima nje yake.

Kuna shimo jingine lisiloonekana kwenye mchoro wowote. Maswali haya hujibiwa na mama aliye hai. Mama aliyefariki hahojiwi, na watoto wa mama aliyefariki hufa zaidi kuliko wengine.

Mwaka ya volkano

Kudumaa maana yake ni kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri. Kwa hiyo umri ukikosewa, kila kitu kimekosewa. Hapa ndipo timu za uchunguzi hubeba kalenda ya matukio, karatasi iliyoandikwa vita, chaguzi, mafuriko na mavuno ya mahali. Mazungumzo yake huenda hivi:

— Mama, huyu mutoto alizaliwa lini?

— Tarehe sijui, munganga. Ni ile mwaka ya volkano.

— Mbele ya volkano ao nyuma?

— Nyuma. Wakimbizi ya Goma walikuwa wamefika tayari kwetu. Tulikuwa tunavuna maharage.

Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na watu wa Goma wakakimbilia Sake, Minova hadi Bukavu. Sawa. Lakini maharage huvunwa mara mbili kwa mwaka: karibu na Juni na Julai, na tena karibu na Januari. Ni mavuno yapi? Chukua kwamba mtoto huyo, mvulana, amepimwa Januari 2024 na ana sentimita 83. Ikiwa alizaliwa Januari 2022 ana miezi 24. Mpaka wa kudumaa kwa umri huo ni kama sentimita 81, basi yuko salama. Ikiwa alizaliwa Julai 2021 ana miezi 30. Mpaka umepanda hadi sentimita 85, naye amedumaa. Mtoto ni yule yule na urefu wake ni ule ule. Swali moja la nyongeza kuhusu maharage ndilo linaloamua ahesabiwe wapi.

Mtakwimu akipokea data hatazami wastani kwanza. Anatazama tarakimu za mwisho. Mikono ya watoto haijui kuishia kwenye sifuri na tano. Kama timu moja imeleta vipimo vya mkono vya milimita 120, 125, 130, 125, 120, mtu amekadiria kwa macho. Umri ukirundikana kwenye miezi 12, 24 na 36, kalenda ya matukio ilibaki ndani ya mkoba. Kazi hii ya kusafisha haimpi mtu sifa, na inakula sehemu kubwa ya maisha ya taaluma hii kuliko fomula zote. Vijana wanaosoma afya ya jamii Bukavu, kwenye École Régionale de Santé Publique ya Université Catholique de Bukavu kwa mfano, wanakutana nayo mapema.

Mpaka wenyewe, hizo sentimita 81 na 85, nao una historia. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas huko Brazil, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis huko Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, wenye chakula, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Wengi wangetegemea kwamba watoto wa Oslo wangewaacha mbali wenzao wa Accra. Haikuwa hivyo: tofauti za urefu kati ya mji na mji zilikuwa kama asilimia 3 tu ya tofauti zote, wakati tofauti kati ya mtoto na mtoto wa mji huo huo zilikuwa asilimia 70. Hivyo ukisikia mtu wa hapa akisema "sisi ni wafupi tangu mababu", kwa watu wazima bishaneni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hoja hiyo haina miguu. Kati ya watoto 100 wenye afya ni kama 2 tu wanaoangukia chini ya mpaka wa kudumaa. Asilimia 43 inapaswa kusomwa ikiwa kando ya hao 2.

Kuchora mistari ile iliyo kwenye kadi ya mtoto kulihitaji mtu. Uzito wa watoto haujapangika sawasawa pande zote mbili za katikati. Wazito sana huenda mbali kuliko wepesi sana, na mteremko huo hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Mtakwimu wa tiba wa Uingereza, Tim Cole, ndiye aliyetengeneza njia iitwayo LMS, iliyoelezwa kikamilifu mwaka 1992 pamoja na Peter Green: kwa kila umri unaweka namba tatu, moja ya mteremko, moja ya katikati, moja ya mtawanyiko, na kutoka hizo tatu unapata mstari wowote unaoutaka. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani yanaandikwa kwa namba hizo tatu hadi leo. Mama wa Panzi anayeonyeshwa kadi siku ya kupima watoto anaangalia kazi hiyo.

Lwiro, na uzito unaodanganya

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini kama kilomita 45 unafika Lwiro, mahali Wabelgiji walipoweka kituo cha utafiti baada ya kuanzisha taasisi ya IRSAC mwaka 1947. Kuna hospitali ya watoto huko, na kwa miaka mingi madaktari wa Kongo na wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels walifanya kazi pamoja kutibu bwaki, utapiamlo mkali unaomvimbisha mtoto. Walifanya pia kitu kisicho cha kawaida kwa hospitali ya kijijini: waliandika kila kitu kwa utaratibu, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na watakwimu.

Mmoja wao alikuwa Michèle Dramaix. Mwaka 1993 yeye na wenzake, Wakongo wakiwemo, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza matokeo ya watoto waliolazwa hapo. Swali lilikuwa rahisi kulisema: kati ya watoto wanaofika leo asubuhi, ni yupi aliye karibu kufa? Mzani hausaidii. Mtoto mwenye bwaki amevimba. Ukimbonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki. Maji hayo yana uzito. Mtoto aliye hatarini anaweza kupima vizuri kuliko mwenziwe mkavu aliye salama. Wao wakapima vitu vitatu kwa pamoja: protini ya albumini katika damu, mzingo wa mkono wa juu, na uvimbe, wakaangalia ni nani waliofariki baadaye.

Ugumu wa takwimu zake ni kwamba dalili hutembea pamoja. Mkono mwembamba huonekana zaidi kwa mtoto mdogo, na mtoto mdogo hufa zaidi hata kwa sababu nyingine. Ukiangalia mkono peke yake hujui umeona njaa au umeona umri. Hesabu inayotenganisha dalili moja na nyingine, kwa kuwalinganisha watoto wanaofanana kwa mengine yote, ndiyo mkate wa kila siku wa kazi hii. Leo reko, mhudumu wa afya wa mtaa, anapopita nyumba kwa nyumba na utepe wake wa rangi, nyekundu ikianzia chini ya milimita 115, anatumia maarifa yaliyokusanywa kwenye hospitali za namna hiyo sehemu nyingi.

Lwiro ilitoa pia somo kuhusu vitamini A, lililochapishwa 1998: watoto wapatao 900 waliolazwa waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya dozi moja kubwa, dozi ndogo ya kila siku, na dawa tupu, yaani isiyo na kitu ndani. Dozi ndogo ilipunguza kuhara kukali. Ile kubwa haikusaidia, na kwa baadhi ya watoto ilionekana kuzidisha.

Kisha miaka ikapita, vita vikapita juu ya milima ile zaidi ya mara moja, na watafiti wa Bukavu na Brussels, Pacifique Mwene-Batu akiwa mbele, wakarudi kwenye makabrasha. Watoto 1,981 walikuwa wametibiwa utapiamlo mkali Lwiro kati ya 1988 na 2007. Wako wapi sasa? Wakawatafuta vijiji kwa vijiji, miaka 11 hadi 30 baada ya kutoka hospitali. Waliopatikana walilinganishwa na majirani wa rika lao ambao hawakuugua: walikuwa wafupi zaidi, wenye nguvu pungufu za mikono, na walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya akili. Kutibiwa kuliwaokoa, lakini hakukufuta.

Mtakwimu akisoma hayo anageukia upande wa pili, kwa wale ambao hawakuonekana. Wengine wamekufa, wengine wako machimboni, wengine walihama na hakuna anayejua walikokwenda. Walioonekana ni wale waliokuwa na nguvu za kuishi na mahali pa kubaki. Inawezekana kabisa madhara ya kweli ni makubwa kuliko yaliyopimwa.

Mgonjwa ambaye hakupewa dawa

Kuna mtu mmoja asiyekuwepo ambaye madaktari humsahau kuliko wengine wote: mgonjwa yule yule kama asingetibiwa. Huyo hawezi kupatikana hata ukipanda mlima. Anaweza tu kuwakilishwa na mwingine anayefanana naye, na bahati nasibu ndiyo inayompata.

Aliyeifanya desturi hii kuwa sheria ni Austin Bradford Hill, Mwingereza ambaye hakuwahi kuwa daktari kwa sababu kifua kikuu kilimpata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kumfungia njia hiyo. Baada ya vita vya pili, dawa ya kifua kikuu, streptomaisini, ilikuwa adimu Uingereza. Haikutosha wagonjwa wote. Hill akaona uadimu huo ni nafasi: nani apewe kiamuliwe na bahasha zilizofungwa, si na daktari. Matokeo yalitoka 1948. Kati ya 55 waliopata dawa walikufa 4 ndani ya miezi sita. Kati ya 52 waliolazwa bila dawa walikufa 14.

Hiyo ni hadithi yenye furaha. Iliyo muhimu zaidi kwa watoto wetu ni ile ya utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, Kenya, na kuchapishwa 2011. Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, mzunguko wa damu umedhoofika: vitabu vilisema mpe maji mengi ya mshipa haraka. Madaktari waliyaona mafanikio kwa macho yao, maana baada ya saa moja wengi walikuwa na mikono yenye joto. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waligawanywa kwa bahati nasibu. Ndani ya saa 48 walikufa karibu asilimia 10.5 ya waliopewa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Kamati huru inayochungulia data wakati utafiti unaendelea ndiyo iliyousimamisha, Januari 2011. Fikiria daktari mwenye bidii, aliyefanya vile kwa miaka 20: kati ya kila watoto 100, watatu zaidi walikufa, na hakuna wodi ambayo ingeweza kumwonyesha watatu hao. Walikuwa wamefichwa ndani ya vifo ambavyo vingetokea hata hivyo.

Na hapa nyumbani, wakati wa mpox, dawa ya tekovirimati ilijaribiwa Tunda na Kole, kwa watu 597, watoto wakiwemo. Waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati kwa kawaida nchini walikuwa wakifa asilimia 3.6 au zaidi. Kama watafiti wangempa kila mtu dawa, tungetangaziwa kwamba imepunguza vifo kwa nusu. Lakini kulikuwa na kundi la dawa tupu, na matokeo ya Agosti 2024 yalionyesha kwamba huko nako hali ilikuwa ile ile, na vidonda havikupona haraka kwa waliopewa dawa. Kilichowaokoa wote kilikuwa kitanda, maji, chakula, na muuguzi anayepita kila siku. Binafsi sijui matokeo mengine ya miaka hii yanayopaswa kusomwa zaidi ya hayo na wanaopanga bajeti ya afya Kongo.

Kongo ambayo haikupigana

Namba kubwa kuliko zote zilizowahi kutajwa kuhusu nchi yetu ni milioni 5.4. Ilitoka kwa shirika la International Rescue Committee (IRC), lililoanza mwaka 2000 kwa kuhesabu vifo katika maeneo machache ya mashariki, Katana jirani na Bukavu likiwa mojawapo, na kumalizia na uchunguzi wa nchi nzima wa 2006-07. Haikudai kwamba watu milioni 5.4 walipigwa risasi. Ilisema kwamba kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya ambao wangekufa bila vita, wengi kwa malaria, kuhara, nimonia na njaa. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 19 ya watu na asilimia 47 ya vifo.

"Zaidi ya ambao wangekufa bila vita." Hapo ndipo ugomvi ulipo. Vifo vilivyotokea unaweza kuviuliza kaya kwa kaya. Vile ambavyo vingetokea katika Kongo yenye amani huwezi kumuuliza mtu yeyote, kwa sababu Kongo hiyo haikuwepo. IRC ilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa watu 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2010 watafiti wa Human Security Report Project, wa Canada, walisema kipimo hicho ni kidogo mno, kwani Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani hata kabla ya vita, walipendekeza 2.0. Tofauti ya nusu inaonekana ndogo. Chukua nchi ya watu milioni 60: nusu kifo kwa watu 1,000 ni vifo 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka, vikihama kutoka upande wa vita kwenda upande wa "kawaida". Kwa kipindi cha 2001 hadi 2007 peke yake, mabadiliko hayo yaliteremsha makadirio kutoka takriban milioni 2.8 hadi chini ya milioni 1.

Wapo waliofurahia marekebisho hayo kana kwamba watu wamefufuka. Sioni kwa nini. Wakosoaji wakiwa na haki, walichosema ni kwamba watoto wa Kongo walikuwa wanakufa kwa wingi huo tayari, wakati ambapo hakuna aliyekuja na dodoso. Maiti hazikupungua hata moja. Zilibadilishiwa safu kwenye jedwali.

EDS ya 2023-24 ilikusanywa kabla waasi wa M23 hawajaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Watoto waliozaliwa na kufa miezi ile watahesabiwa na uchunguzi ujao, kwa kurudi nyuma, kwa kinywa cha mama zao, jinsi Brass alivyofanya. Mama aliyevuka kwenda Burundi na akabaki huko nyumba yake haitaingia kwenye bahati nasibu. Aliyerudi ataulizwa mwezi, naye atajibu kwamba ni ile mwaka ya kukimbia, na mdodosaji itabidi aulize tena: kukimbia kupi?